Sahani ya Salma

Maskati

Mdogo wangu Mwanajuma,

Marahaba naitanguliza, maana ukimaliza kusoma sidhani kama utaniamkia. Magoti yako yanaendeleaje na zile ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe? Na shemeji, kikohozi kimempungua? Mimi hapa kwa mwanangu nipo, ila nipo kidogo. Daktari zamani alikuwa akinihesabia miezi, sasa anasema tuione wiki hii. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu utanikatia kabla sijamaliza. Nakujua.

Uliponipigia juzi ulikuwa unalia kwa hasira. "Dada, mjukuu wangu keshaharibiwa! Ijumaa tumeketi kwenye sinia, mara Salma anakuja na sahani yake peke yake, kama mgeni wa hotelini. Namuuliza, we Salma, mikono yetu ina ukoma? Ananambia, 'Bibi, mshauri wangu kasema.' Huyo Bi Iliki wa kwenye simu nikimpata, namtia pilipili ya macho!" Ukasema simu yake umeshamnyang'anya. Mimi nikakohoa, ukanipa pole.

Sikuwa nakohoa, Mwanajuma. Bi Iliki ni mimi.

Sasa kaa, usisimame. Unajua nilisomesha sayansi kimu na lishe miaka mingi hapo Unguja. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani ameanzisha ushauri wa lishe kwa njia ya simu kwa vijana wa vyuo. Kijana anapiga picha anachokula, anaeleza alivyolala na alivyoamka, mshauri anamjibu. Majina hatutajiani, nami nikachagua Iliki. Nilikuwa nalala kama mzigo, watu wakinigeuza. Kazi hiyo ikanifanya niamke nitafute miwani.

Nikapewa binti mmoja anayelala dakhalia ya chuo, kule Tunguu. Asubuhi hali kitu, mchana chipsi, jioni chipsi tena na soda ili akeshe na vitabu. Wiki ya tatu akaenda kwao Ijumaa, akanitumia picha ya chakula. Nikaliona sinia la mama, lile lililobonyea ukingoni, na mkono wako na bangili zako. Kanuni yetu inasema ndugu hamshauri ndugu, unampisha mshauri mwenzio. Sikumpisha. Nilinyamaza miezi, mtoto akinieleza mambo ambayo asingemwambia bibi yake wa Maskati. Hilo ni kosa. Nimemwomba Mungu msamaha, na Salma namwomba kwa barua hii hii.

Kosa la pili ndilo lililokuliza. Nilimwandikia kwamba nusu ya sahani iwe mboga, robo wali, robo samaki. Mwalimu mzima nimesahau kwamba Ijumaa kwetu sahani hakuna! Muda mrefu sasa naletewa kitandani sahani ya mgonjwa, nikasahau watu wenye afya zao wanakula vipi. Salma, kwa utiifu wake, akaenda kabatini akachukua sahani.

Aliponiandikia, kabla hujamnyang'anya simu, "Bi Iliki, bibi kanuna, anasema nnawaona wachafu," nilimjibu hapo hapo: "Irudishe. Kaa na wenzako. Anza na mchicha, na wali wako ni huo ulio mbele yako tu. Ukiisha, kanawe."

Akajibu: "Hauishi, Bi Iliki. Bibi ananisogezea."

Hapo ndipo ninapokugomea, mdogo wangu. Kwa ile sahani, nisamehe. Kwa mengine sikuombi msamaha na sitaomba. Unamsogezea wali kwa mapenzi, najua. Mama naye alitusogezea sisi kwa mapenzi, na tulimzika ana mguu mmoja. Nyinyi niliwaambia nimechoka kwa uzee. Uongo. Ni sukari, ile ile ya mama, na nimeificha tangu nasomesha. Nilikuwa nikitoka darasani nakula halua dukani nimegeukia ukuta, mwalimu wa lishe asionekane. Figo zimekwisha. Aliyoniambia Salma kuhusu afya yake sikwambii, ni siri yake, nakwenda nayo kaburini. Yangu nimekupa.

Utasema ushauri wa simu ni wa watu wasio na wazee. Sawa. Sisi wazee wake tulimshauri nini? "Kula unenepe, uolewe." Leo anachemsha mayai dakhalia kabla ya masomo, anatembea na ndizi na karanga kwenye mkoba, na usiku analala. Hayo kayapata kwa kuandikiana na mtu asiyemjua, akamwamini. Nami najivunia, hata ukinuna.

Mrudishie simu leo, kabla hujanipigia kunitukana. Nimeshamkabidhi kwa mshauri mwingine, si ndugu yetu, na ni mkaidi kunishinda. Barua hii mpe aisome mwenyewe.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo. Binti yako, mama yake Salma. Na wifi yetu wa Chukwani, mjane wa kaka, umwambie dua zake zinanifikia. Wote waambie wanihalalishe kwa niliyowakosea.

Hasira zako zilete zote, wiki hii bado nina kifua cha kuzipokea. Ila Ijumaa mkiketi, mkono wako uzuie.

Dada yako,
Zuwena