Namba ya Pampu ya Koku

Mama Koku, mjinga wa nyumba leo ni mie, usijisumbue kutafuta mwingine.

Nimekwenda kliniki na ile pampu inayomtia Koku insulini, wabadilishe namba yake ya siri. Sindano ziko mlangoni mwa friji. Ajichome tena kabla ya chakula cha mchana, kipimo alichoandika daktari, na akishajichoma, ugali usichelewe.

Kisa chenyewe: asubuhi niliipiga picha pampu nikaituma kwenye kundi la jumuiya, wamwombee mtoto. Namba iliyobandikwa mgongoni ikatoka safi kuliko sura yangu siku ya harusi. Mwenye namba hiyo, akiwa karibu na Koku na simu yake mkononi, anaweza kuiamuru immwagie Koku dawa yote, sukari ishuke mpaka azimie. Na Alhamisi jumuiya inasali sebuleni kwetu.

Ni mie huyuhuyu, tangu tuhamie Chanika nimemnyima jirani Sekela paswedi ya waifai, asije akatumalizia bando.

Picha nimeifuta. ~~Bibi asijue.~~ Bibi ameshaisambaza kwa ukoo mzima Bukoba, na Amina tatu juu yake.

Kuku wafungulie.

Baba Koku

Halafu bado inaniuma. Nilijitetea kwamba kundini ni watu wa Mungu watupu, wote wanamwombea. Koku anajichoma sindano, wala hakuinua macho: "Baba, wa kuomba wawe hata mia. Wa kubonyeza anatosha mmoja."