Springi ya Basi la Akello

Mama mpendwa,

Salamu kutoka Kampala yenye mvua. Ulisema basi la Akello ni kuukuu na litatuacha njiani. Limetuacha kweli, hapa mtaa wa Katwe, tukielekea Gulu. Springi ya nyuma imekatika vipande viwili.

Fundi mmoja wa hapa alichungulia chini, akacheka, akamwambia Akello, akimwita bibi kwa Kiganda: "Hii basi imezeeka, nyabo. Uza chuma, panda basi ingine."

Akello alichuchumaa kando yake kwenye matope. "Basi ingine itanifikisha mimi Gulu. Lakini mama yangu yuko kambi ya wakimbizi tangu vita, na sasa watu wanarudi kwao. Nani atambeba na kitanda chake, kuku, na majirani?"

Fundi aliacha kucheka. Kisha akasema polepole, "Mama yangu pia iko kambi. Kitgum."

Akavua koti, akatoa springi ya lori bovu, akaikata na kuipasha moto. Mimi na Akello tulizungusha kwa zamu gurudumu la baiskeli linaloendesha feni ya kupuliza moto, mpaka mikono ikafa ganzi. Mchana mke wa fundi alituletea matoke na mchuzi wa karanga, tukala tukiwa tumesimama, masizi usoni.

Sasa basi limesimama sawa, nasi tunaondoka. Akello ameandika jina la mama yake fundi kwenye kiganja. Tutafika Gulu, kisha Kitgum, hata ikibidi kulisukuma.

Usihangaike, Mama. Vaa sweta, kunywa dawa yako, na ujue ninakupenda.

Bintiyo,
Nekesa