Ncha za Uzi wa Fedha

Jumatatu, 3 Machi

Hujambo, daftari langu? Hali yako? Umelala chini ya godoro miezi mingapi sijui, bila hata kuguswa. Nisamehe. Mimi mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Binti yangu mzima. Mgongo ndio ule ule.

Nimekutoa leo kwa sababu nina jambo na sina wa kumwambia.

Unajua hatushoni tena sare za shule. Tangu mwaka jana karakana imepata kazi ya fulana za wagonjwa wa moyo. Fulana zenye akili! Kifuani unapita uzi wa fedha — uzi kweli, unaingia kwenye sindano kama uzi wowote, ila unapitisha umeme kama waya. Mstari mmoja kutoka kushoto, mmoja kutoka kulia, kila mmoja unaishia kwenye kifungo chake cha chuma katikati ya kifua. Hapo kinabanwa kidude kidogo, ukubwa wa kibiriti. Kinasikiliza moyo. Moyo ukienda vibaya, kinapiga simu kwa ndugu na kwa daktari.

Chiriku, mwenzangu wa cherehani ya pili (tunamwita hivyo maana mdomo wake hauna likizo), siku ya kwanza alisema: "Dada, mimi hii namvalisha mume wangu! Nakaa mbele yake nataja wanawake wa mtaani mmoja mmoja. Moyo ukiruka tu, nimemkamata!" Hata Injinia, yule binti aliyetuletea kazi hii, alicheka, na yeye si mwepesi wa kucheka.

Leo Chiriku hakusema kitu. Fulana moja imerudi. Ni ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mmoja wa wale kumi wanaotujaribia. Alianguka uani juzi akipalilia. Jua kali, jasho. Kidude kimya! Binti yake ndiye aliyemkuta, alitoka kuanua nguo tu. Mzee yuko hospitali, hafumbui macho.

Lebo ya ndani: namba saba. Kila fundi ana namba yake, na saba ni Chiriku.

Lakini fulana ile nimeishona mimi.

Jumanne, 4 Machi. Asubuhi, baada ya sala

Ngoja nieleze vizuri, labda nikiandika nitaona pa kujitetea.

Siku ile Chiriku alimpeleka mama yake kliniki. Alikuwa na fulana mbili za kumaliza. Nikamwambia nenda, mdogo wangu, nitakushonea, nitaweka lebo zako, hakuna atakayejua. Kwenye kisanduku chake nilikuta lebo moja tu. Basi moja nikaiwekea saba, ya pili nikaiwekea tatu, namba yangu. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha ya mtu aliyetenda wema. Hata kwenye sala niliitaja. Kama vile Mungu hakuona!

Alichoona ni hiki. Injinia alitufundisha: uzi wa fedha ukifika kwenye kifungo, msirudishe mshono, msikunje. Iacheni ncha ining'inie urefu wa kidole, itieni gundi, na ncha mbili zisikaribiane. Mafundi tulitazamana. Nguo yenye ndevu? Nimeshona miaka ishirini na sita. Mama aliyenifundisha akiona uzi unaning'inia anaitupa nguo sakafuni na kuipitia na viatu.

Mbele ya Injinia nilitii. Siku ile hakuwepo. Nikaona aibu nguo itoke mikononi mwangu vile. Nikazikunja ncha kwa ndani, nikaziziba na kiraka, nikarudisha mshono mara tatu. Zote mbili. Safi kabisa! Nikazipima mezani, taa ya kijani. Nikajisemea, hawa watoto wa kompyuta hawajui nguo.

Hapana pa kujitetea.

Jumatano, 5 Machi

Injinia amekifumua kiraka mbele yetu sote. Kwa wembe, pole pole, kama daktari. Ncha mbili zimelala pamoja, nafasi ya unywele katikati. Akaipima: kijani. Akachovya kidole kwenye maji ya chumvi, akagusa. Taa ikazimika.

Akasema ikiwa kavu inafanya kazi. Ikilowa jasho, umeme wa moyo unavuka hapa hapa, haufiki kwenye kidude, nacho kinadhani mtu ameivua fulana. Kwa hiyo kinanyamaza.

"Nani alirudisha mshono hapa?"

Wote wakamwangalia Chiriku. Chiriku akaniangalia mimi. Hakuniangalia kwa ukali. Aliniangalia kama unavyomsubiri mtu mzima amalize kukohoa ili aseme.

Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Sindano ilikuwa tayari ina uzi.

Akasubiri. Kisha akasema, "Namba ni yangu." Basi. Yeye, mwenye maneno yote duniani, ametoa maneno matatu. Meneja akamwambia aende nyumbani mpaka aitwe Jumanne saa nane.

Alipopita nyuma yangu hakuniita dada.

Alhamisi, 6 Machi

Sijala. Sina la kuandika.

Jumapili, 9 Machi

Leo ibadani kiongozi amenisimamisha niombee wagonjwa, kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama. Akamtaja mwalimu mstaafu. Nikaomba. Daftari, niliomba vizuri! Maneno yalikuja yenyewe, watu wakaitikia amina mpaka bati likavuma. Wanawake wawili walilia. Mimi nilikuwa naisikia sauti yangu kama ya mtu wa redioni.

Nje nikashikwa mkono. Mama yake Chiriku, na fimbo yake.

"Mwanangu, sikupata kukushukuru. Siku ile ya kliniki wewe ndiye uliyemwachia binti yangu nafasi. Mungu akuongezee."

Nikasema amina. Nilisema amina!

Nikamuuliza, Chiriku hajambo? Akasema hajambo, ila nyumba imekuwa kimya, anamenya viazi anavitazama tu. "Hataki kusema kazini kuna nini. Wewe unajua?"

Nikasema sijui, mama.

Jumatatu, 10 Machi

Nilifika mapema nikiwa nimeamua. Namwona Injinia, namwambia, yaishe.

Nikamkuta amezikusanya fulana zote za namba saba, amezifumua moja moja. Zote ncha zinaning'inia, gundi ipo, hazikaribiani. Amechanganyikiwa. Alisema, "Ni ile moja tu, mama. Ajabu. Kama imeshonwa na mkono mwingine."

Mlango wazi kabisa. Mungu alinifungulia akanishikia na kitasa.

Nikauliza, "Na za namba nyingine?"

Akatabasamu, jamani, akanigusa bega. "Za kwako? Mama, kazi yako naijua. Sina haja ya kukufumulia."

Hapo ndipo nikakumbuka ya pili. Siku zote hizi nimemlilia mzee, nimejililia mimi, na ile ya pili sikuiwaza hata mara moja! Namba tatu. Nani anaivaa? Nikaangalia orodha ukutani. Mwoka mikate, yule mama mnene mcheshi aliyekuja kupimwa kifua akasema tumwongezee kitambaa kwa kuwa yeye na unga wanaumuka pamoja.

Mwoka mikate. Anashinda mbele ya tanuri.

Na mimi nikarudi kwenye cherehani yangu nikashona mpaka jioni. Usiniulize kwa nini. Nilitaka Injinia aendelee kunishika bega.

Jumanne, 11 Machi. Saa mbili asubuhi

Nilipita kwake kabla ya kazi. Foleni ya watu sita. Amefunga kitambaa kichwani, jasho linamchuruzika shingoni, fulana imemganda mgongoni. Zamu yangu ikafika.

"Ehe, fundi wangu! Mingapi?"

Nikasema mmoja.

Nikaondoka na mkate. Ninao hapa, bado wa moto. Nimekaa kwenye ngazi za duka la jirani. Siwezi kwenda mbele, siwezi kurudi.

Saa tatu kasoro

Nimerudi. Nimemvuta pembeni nikamwambia: ivue, haifanyi kazi, nimeiharibu mimi. Amecheka. Akadhani namtania. Kisha akaona sicheki.

"Taa ilikuwa kijani, mlinionyesha wenyewe."

Nikamwambia ni kijani ikiwa kavu. Akaishika kifuani kwa mikono miwili, na unga wake wote. Anasema tangu aivae ndiyo analala usingizi, na watoto wake wanalala. Haivui kwa neno langu mpaka amsikie Injinia mwenyewe. "Samahani fundi, wewe ni mshonaji." Amerudi kwenye tanuri. Mikate ya saa tatu iko ndani, haiwezi kusubiri.

Nimempigia Injinia mara nne. Hapokei, saa hizi yuko kwenye kikao na Meneja, simu anaiacha mezani kwake. Nimemtumia ujumbe. Naunakili hapa ili baadaye nisije kujidanganya kwamba niliandika kitu kingine:

"Habari za asubuhi, Injinia. Natumaini u mzima. Ni mimi, namba tatu. Ile fulana ya mwalimu niliishona mimi, si Chiriku. Yeye alikuwa kliniki na mama yake, mimi nikaweka lebo yake. Ncha nilizikunja kwa kupenda kwangu, kwa sababu niliona aibu zikining'inia. Ziko mbili. Ya pili ina lebo yangu na anayo mwoka mikate, ameivaa sasa hivi, imelowa. Nimesimama mlangoni kwake, namtazama. Hanisikilizi mimi, anataka sauti yako. Chiriku asiitwe saa nane, niitwe mimi. Lakini kwanza mpigie huyu mama. Tafadhali nijibu upesi."