Kikopo cha Samaki Taa

Dada Mal-sun,

Mgongo unaendeleaje huko Mokpo? Hapa Seoul baridi inatutafuna, lakini tupo.

Samaki taa uliyenivundikia kwenye mtungi wa majani makavu alifika salama. Kipande kimoja nilikipeleka chekechea jana, kwenye somo la milango ya fahamu, na wazazi walialikwa. Watoto walifungwa vitambaa machoni, wanuse vikopo na kutaja kilichomo. Vya mkuu wa shule vilikuwa na manukato ya dukani tu.

Nilipofungua changu, akina mama walikimbilia dirishani. "Mwalimu, umetuletea choo?"

Lakini Da-on, mtoto wa miaka mitano, alicheka akanyoosha mikono. "Bibi! Bibi amekuja!"

Mama yake ni wa huko huko kwetu. Harusini kwake tulikula taa huyo huyo, na yeye akaramba vidole. Jana akasema kwa sauti, "Bibi gani? Kwetu hatuli uozo." Wenzake wakacheka. Da-on akavua kitambaa, akawaona wote wameziba pua, na mama yake kawazidi.

Dada, nilikifunga kikopo changu.

Leo nimempa Da-on kikopo tena, tukiwa wawili tu. Akanusa sana, akanitazama usoni kwanza, ndipo akajibu, "Sisikii kitu, mwalimu."

Samaki aliyebaki ninamla sasa hivi. Madirisha nimeyafungua yote, jengo zima linuse.

Mdogo wako,
Bok-hui