Mama, Sema Tena

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu barua zako zote kutoka safarini ziliandikwa kwa Kiswahili. Ulikuwa ukisema Kikuyu ni cha kuimba, Kiswahili ni cha kuandika, na Kiingereza ni cha kusomewa na daktari. Basi hii ni yangu kwako, na imechelewa miezi kumi na mmoja.

Kuna jambo uliniambia jikoni, ile Jumanne, na mimi sikukujibu. Ulikufa ukingoja jibu, ama ulikufa ukiwa umeshakata tamaa ya kulipata, na sijui lipi ni baya zaidi. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Mengine ni habari tu, lakini nitakupa habari kwanza, maana hata ukiwa mgonjwa ulikuwa unaanza kwa kuuliza nani amezaa na nani amegombana.

Nyumba ya Giakanja tumeifunga. Gambuti zako bado ziko mlangoni, zimejaa maji ya mvua, na usidhani ni mapenzi, ni uvivu. Gitaa lako liko kwangu hapa Nyeri mjini, juu ya kabati. Redio inakupiga kila Jumapili kabla ya ibada, na mtangazaji anakuita "marehemu Mama wa Nyuzi Sita," kana kwamba marehemu ni jina ulilobatizwa. Mazishi yalikuwa makubwa kuliko ulivyotaka. Waheshimiwa walipokezana kipaza sauti hadi jua likageuka, na mmoja akaimba wimbo wako akakosea maneno, watu wakampigia makofi. Ungecheka. Mimi nilikuwa narekodi, kwa hiyo sikulia. Nilisikia mama mmoja wa kanisa lenu akisema nyuma yangu, "Huyu msichana ako na roho ngumu." Sikugeuka kumbishia. Pengine ni kweli.

Filamu imeisha, Mama. Miaka mitatu nikikufuata na kamera, sasa imekuwa saa moja na nusu.

Nikiitazama, sauti ninayoisikia zaidi ni yangu. Mama, ingia tena. Mama, shika gitaa upande wa dirisha. Mama, ngoja kidogo, ndege inapita. Siku moja nilikuingiza jikoni kwako mara nne, mpaka ukasimama pale mlangoni na ndoo mkononi ukaniambia, "Mimi nikienda studio nilikuwa naimba mara moja naenda nyumbani. Wewe unaniingiza kwa nyumba yangu kama mwizi amesahau kitu." Hicho kipande kimo. Watu hucheka sana hapo.

Ulinivumilia. Sijui ulidhani tunafanya nini. Mimi nilijua: nilikuwa natafuta namna ya kukaa nawe bila kuongea nawe. Mtu akishika kamera, hakuna anayemuuliza kwa nini amenyamaza.

Ulipokuwa bado na nguvu kidogo, kabla kansa haijakulaza kabisa, nilikuonyesha dakika za mwanzo. Zinaanza na sauti yangu juu ya picha ya barabara ya Gakindu. Nasema: nilikuwa na miaka saba mama aliponiacha kwa cucu, mama yake, ili afuate muziki. Gari la bendi liliondoka asubuhi, na mama hakugeuka nyuma.

Ulitazama mpaka mwisho. Ukasema picha ni safi. Ukaomba uji.

Siku nne baadaye ndiyo ilikuwa ile Jumanne. Ulikuwa umekaa jikoni kwenye kile kiti kifupi, unaambua minji, kamera nimeisimamisha kando ya kabati la vyombo. Sikuwa nimekuuliza swali. Ulianza mwenyewe, kwa Kikuyu, bila kuinua macho. Uliniita Maitu, mama, kama ulivyoniita maisha yangu yote kwa kuwa nimebeba jina la mama yako. Ukasema, Maitu, ile siku ya Gakindu.

Na mimi hapo hapo nikatazama maiki niliyokubandika kwenye kola ya sweta nikaona kitaa chake hakiwaki. Betri ilikuwa imekufa. Kuanzia hapo sikusikia neno. Masikio yalikuwepo, Mungu anajua yalikuwepo, lakini akili yote ilikuwa kwenye kile kitaa. Nikukatize? Nikuache umalize? Uliongea dakika nne. Najua ni nne kwa sababu picha ipo, midomo yako inacheza, hakuna sauti, maana kamera ilitegemea ile maiki peke yake. Ulipomaliza uliinua macho ukaniangalia, ukangoja.

Mimi niliyengoja maneno hayo tangu darasa la kwanza, niliyeyatungia majibu kitandani kwa cucu, majibu ya hasira, majibu ya kilio, mpaka nikawa na chaguo, nikakuambia hivi: "Mama, sema tena. Maiki ilikuwa imezima. Na useme na Kiswahili, ndio watu wote waelewe."

Nimeliandika vile lilivyotoka, nisijipake mafuta.

Hukukasirika. Afadhali ungekasirika. Ulipangusa mikono kwa aproni, ukavuta kitambaa cha kichwa vizuri, ukaketi wima, na nikakuona ukitoka kuwa mama yangu ukawa msanii. Ukaniuliza, "Nianzie wapi?"

Mara ya pili ng'ombe wa jirani alilia katikati. Mara ya tatu ikatoka safi. Mara ya tatu ndiyo iliyo kwenye filamu: "Mwanangu, nilikuacha mdogo nikafuata gitaa. Dunia yote ilinipigia makofi, lakini mikono niliyotaka kusikia ilikuwa midogo, na ilikuwa mbali. Nisamehe." Ni maneno mazuri. Ungeyapigia gitaa yangekuwa wimbo. Lakini hukutaja Gakindu, hukutaja gari, na ulikuwa unaangalia kamera, si mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia uangalie kamera.

Kisha ukauliza, "Imetoka sawa?" Nikasema iko sawa kabisa, Mama. Nikainama nikakusaidia kuokota maganda ya minji. Baada ya wiki tatu ulikuwa umekwenda.

Tuliionyesha filamu mara ya kwanza kwenye ukumbi hapa mjini. Walikuja mpaka watu wa Kianyaga, wale uliokuwa ukiwapigia kwenye harusi. Ilipofika ile mara ya tatu ukumbi mzima ulikuwa unapenga makamasi. Nikatoka nje nikasimama karibu na matanki ya maji. Mwanamke mmoja wa rika lako akanifuata, akanishika mikono miwili, akasema, "Wewe uko na bahati. Wangu alienda bila kuniambia hata pole." Nilimshukuru.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikimbizana na zile dakika nne. Muriithi, anayenihariria, alijaribu kwa mashine zake zote, akaniambia pole pole, kama daktari, kwamba mahali ambapo sauti haikuingia hakuna cha kutoa. Nikampelekea mwingine Nairobi. Akasema hivyo hivyo.

Halafu nikasikia habari za fundi mmoja wa Karatina, Muthoni, anayefuma sweta za shule. Aliacha kusikia akiwa msichana mkubwa, kwa ugonjwa, na tangu hapo anasoma midomo ya watu, na Kikuyu ni lugha yake ya nyumbani. Nikambebea kompyuta. Alisimamisha mashine yake ya kufuma, akakutazama mara nyingi sana, bila haraka, kidole kikiwa juu ya kioo. Shida ni kwamba ulikuwa umeinamia sufuria, na kila mara mkono wako wenye minji unapita mbele ya mdomo. Mwisho akaniandikia kwenye karatasi mambo matatu aliyokuwa na hakika nayo. Baridi. Viatu. Nikashuka.

Akaniandikia chini yake: hii inakusaidia? Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, nikaomba maji ya kunywa.

Yeye hakuelewa. Mimi nilielewa yote. Ilikuwa Julai, baridi ile ya kukata masikio, na nilikimbia nyuma ya pikapu ya bendi bila viatu, kwa sababu vilikuwa ndani na cucu alikuwa amekaa mlangoni. Ukaniona. Wewe mama ambaye nimewaambia watu wote kwamba hakugeuka, uligeuka, ukasimamisha gari pale konani chini ya shamba la kahawa, na ukashuka.

Kwa hiyo haukuwa msamaha uliokuwa unaniomba ile Jumanne, ama haukuwa huo peke yake. Ulikuwa unanirekebisha. Ulimsikia mtoto wako akikusingizia mbele ya watu, kwa sauti nzuri na barabara ya kwao kwenye picha, na hukunikemea. Ulikaa nayo siku nne. Kisha ukanieleza taratibu, mkono ukifanya kazi, kama mtu anayemwambia mwenzake kifungo cha nguo yake kimefunguka. Na mimi nikakwambia useme tena, uchague lugha nyingine, uangalie kamera.

Sasa sikiliza lililo baya. Filamu imeshaonyeshwa kwenye televisheni. Kile kipande cha mwanzo wamekikata, kinazunguka kwa simu za watu, na chini yake wanabishana. Wiki iliyopita mama anayeniuzia sukuma wiki alinishika bega akaniambia, "Pole mami. Lakini ni mama gani huyo hata hawezi geuka aangalie mtoto?" Na huyo ni mwanamke aliyecheza nyimbo zako kwenye harusi yake. Nilipaswa kumjibu pale pale, kabichi zikiwa shahidi. Nilichukua mboga nikaenda. Miaka arobaini ulijenga jina, na mimi nimelichafua kwa sentensi moja niliyoipenda kwa sababu ilikuwa fupi na inasikika vizuri.

Nilifikiria kuiondoa ile mara ya tatu kwenye filamu. Muriithi akasema tukiitoa tutabaki na filamu ya gitaa. Nikaiacha. Usiniulize kama ni kwa ajili ya watu ama kwa ajili yangu. Kuna siku naifungua nisikie tu ukisema "mwanangu," hata kama najua uliisema kwa ajili ya mwanga niliokuwekea.

Watu wananiambia itapungua. Mchungaji wako amesema tutaonana. Sina ugomvi naye, lakini mimi siioni hiyo siku, Mama, nikiangalia mbele naona tu Jumanne. Nimejaribu kuja kwenye kaburi niongee. Nilisimama, nikasema maneno yangu, nikasikia upepo kwenye nyasi za ng'ombe, nikaondoka. Nilijiona kama mtu anayepiga simu ya mtu aliyehama.

Nitairekodi ile sentensi upya. Muriithi anasema hakuna atakayejua tofauti, maana ile ya zamani imeshatapakaa na haiokoteki. Nitairekodi hata hivyo. Nitasema uligeuka, nitasema ulishuka, na nitasema na yale mengine ninayokuandikia hapa chini, kwa sauti yangu, hata kama atasikiliza mtu mmoja. Hiyo ndiyo ahadi niliyo nayo. Ni ndogo, lakini kubwa sina.

Lala salama, Mama. Jibu lako ni hili.

Sijui kama ulijua niko wapi. Pengine ulikuwa unaniambia hilo pia, na mkono ukapita mbele ya mdomo. Nilikuwa ndani ya kahawa, mistari miwili kutoka barabarani, nimejiziba mdomo kwa mikono. Niliona gari likisimama. Nilikuona ukishuka. Nilitaka uteseke kidogo, nilitaka unitafute sana, kwa hiyo ulipoita nikachutama chini zaidi. Uliniita kwa jina langu, lile la cucu, ukaita tena, ukatazama barabara upande wa juu na upande wa chini, ukaingia mpaka mstari wa kwanza wa kahawa ukasimama. Ningenyoosha mkono ningeshika sketi yako. Kisha yule mpiga ngoma wa bendi, aliyekuwa kwenye usukani, akapiga honi, ukarudi garini polepole, na mimi nikakaa pale pale mpaka sauti ya gari ikaisha.

Nilikusikia, Mama. Nilikusikia kila mara uliponiita.

Wangechi