Tufani Kwenye Ukungu

Jumatatu, 4 Julai
Ukungu tangu asubuhi. Tumechuma chai vidole vimekufa ganzi. Jioni nimemsomea Tate, baba yangu, kitabu cha katuni alichokipata Kalunde kwenye mitumba, sokoni Lushoto. Siku hizi kila kitu ruksa, hata mashujaa wa karatasi. Huyu anaitwa Tufani. Anabeba lori, anaruka milima, nguvu zake zinatoka kwenye jua. Tate kifua kinambana, lakini kacheka. Kasema jua likitoka na yeye atainuka.

Jumatano, 6 Julai
Kalunde kaja kumwona mgonjwa. Mchuma chai mwenzangu, Mnyamwezi, mtani wetu. Kwanza shikamoo, halafu kejeli. Ubishi ukaanza. Yeye: Tufani akija Usambara mwezi wa saba hana lolote, tutampa kikapu achume chai. Tate: nguvu ziko kwenye damu, jua linaziamsha tu. Wamebishana mpaka uji ukapoa. Tate kamaliza bakuli. Nimefurahi mno.

Jumamosi, 9 Julai
Tate hakula. Ukungu uleule. Kalunde kaingia na yake: "Mzee, bila jua Tufani ni marehemu." Nikamfukuza. Neno gani hilo mbele ya mgonjwa! Mdomo hauna breki. Tate kanikasirikia mimi. Anamtaka mbishi wake. Naogopa.

Jumanne, 12 Julai
Tate amefariki alfajiri. Jua halikutoka.

Alhamisi, 14 Julai
Tumemzika. Kalunde kaja bila kuitwa. Kavaa koti la Tate, kakohoa kama Tate, kalala njiani mbele ya jeneza. "Tufani hapiti! Si ulisema nguvu ziko kwenye damu? Haya, inuka unibishie!" Mchungaji kaduwaa. Wazee wakamwacha, mtani hazuiwi msibani. Nilitaka kumvuta nywele. Mara nikacheka. Nikashindwa kuacha, na humo humo kilio kikatoka, cha kwanza tangu Jumanne. Kalunde naye analia, koti limejaa tope. Nimemwinua mwenyewe.

Jumapili, 24 Julai
Ukungu. Kalunde kaleta toleo jipya, tumelisoma jikoni. Tufani kaingia kwenye wingu, kaanguka. Ukurasa wa mwisho yuko barabarani kwa miguu, mabega chini. Kalunde kasema ubishi kashinda yeye. Nimemwambia aangalie vizuri, bado anatembea.

Nimemimina uji mabakuli matatu, mazoea. La tatu tumegawana.