Sisimizi Ndani ya Mlango Uliofungwa

4 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, sukari imetulia na miguu haiwaki moto. Mimi kifua kinanibana asubuhi tu, kama kawaida ya pumu. Ningepiga simu, lakini masikio yako na simu hayapatani. Tungeishia kugombana bila kujua tunagombania nini.

Nikueleze kirusi hiki kinachotangazwa redioni kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu wa biolojia. Kinasafiri kwa pumzi ya mtu: akikohoa, akicheka, hata akizungumza. Kikimpata kijana, huenda akalala siku chache akaamka. Kikimpata mwenye kisukari au pumu, kinakuta askari wa mwili wamekwishachoka. Kwa hiyo funga ule mlango wa kati unaoingia kwa mpangaji wako. Fundi cherehani kama yeye hushikana na watu mchana kutwa, akiwapima vifua na shingo. Usipokee kitu mkononi mwake. Simlaumu, lakini mshuku.

Kaka yako

15 Aprili

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru nimeamka, nawe nakuombea kifua kifunguke. Barua yako nimeisoma mpaka nikaota kirusi kimevaa tepu ya kupimia shingoni. Mlango nimeufunga, na kabati nimelisukuma mbele yake. Fundi aligonga kuniuliza kama mwezi huu pia aniendee kliniki kuchukua dawa ya sindano; nikamjibu kupitia dirishani kwamba sitaki kitu chake. Akasema, "Haya, Mama," akaondoka akikohoa. Anadai ni vumbi la vitambaa. Vitambaa gani hivyo?

Sasa kuna jambo, libaki kwako. Huyu mtu ana ufunguo wa mlango wangu wa mbele. Choo cha ndani nakitumia peke yangu, nakisugua mwenyewe, lakini kila asubuhi nakuta sisimizi wamepanga mstari sakafuni. Sisimizi hawafuati maji. Nadhani anaingia nikiwa nimelala, anamwaga masalia ya soda zake. Nimemnyima mlango, sasa ananilipizia.

Mdogo wako

22 Aprili

Mdogo wangu,

U hali gani na joto hili? Mimi nipo, napumua. Badilisha kitasa leo hii, wala usimwambie. Mtu anayeingia kwa mwanamke mgonjwa aliyelala hakufuata kumwaga soda tu.

Lakini nilisahihisha mitihani miaka mingi, na macho hayaachi tabia. Mwandiko wako umekuwa mkubwa, mistari inateremka. Nijibu mambo mawili. Kiu yako ikoje? Na kama fundi hakuendei tena kliniki, dawa anakuletea nani?

Kaka yako

3 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sijambo kiasi. Kitasa kimebadilishwa, aliyekuja kukifunga nilimsimamisha mbali nikawa namwelekeza kwa fagio. Asubuhi iliyofuata sisimizi walikuwepo, wengi kuliko mwanzo. Maana yake hata kitasa kipya anakiweza. Sasa nalala kitini nikiutazama mlango, yaani silali. Kiu ninayo, lakini nani hana kiu kwa joto hili? Nakunywa, naenda chooni, narudi kitini, na bado sijamkamata.

Macho yamechoka, hata fundi akipita uani namwona kama ukungu. Juzi alisimama dirishani akasema, "Mama, mbona umekonda hivyo?" Nikamwambia akaitazame cherehani yake. Ananipima kwa macho, kaka. Anapimia nini?

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nitakupa mwisho. Mwanafunzi anayeruka swali hajalisahau. Jibu lake analijua na halipendi. Nilikuuliza dawa anakuletea nani, ukanyamaza.

Hakuna aliyeingia chooni. Sukari ikizidi kwenye damu, figo huimwaga kwenye mkojo, na sisimizi huifuata. Ndiyo maana una kiu, umekonda, na unaona ukungu. Unaulinda mlango, na mgeni mwenyewe yumo mwilini mwako. Kirusi huenda kikaja, huenda kisije. Hii sukari imekwishaingia, nayo inaua.

Mimi ndiye niliyekuambia umshuku yule kijana, na ni mimi yuleyule ninayekuambia sasa: weka kadi ya kliniki kwenye kiti nje ya dirisha, umwombe aende leo. Avae barakoa, aiache dawa kitini, arudi nyuma. Unaweza kumshuku mtu na bado ukamtuma.

Haya, hujambo?

Kaka yako

30 Mei

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mimi sasa naona. Tazama mistari yangu ilivyonyooka. Sisimizi wamehama.

Sindano nilizigawa nusu tangu Aprili, baadaye nikawa naruka siku. Pumzi za watu ulinieleza vizuri mno, kaka, nikaiona foleni ya kliniki kama kaburi. Hata barua yako ilipofika, niliishika siku nzima nikiwaza kwamba labda fundi ndiye aliyekuomba uandike hivyo. Nilikuwa nimefika huko. Halafu nikaanguka jikoni nikichota maji, nikashindwa kuinuka upesi, nikaona heri niuawe na fundi. Nikaitoa kadi.

Alisimama foleni mpaka jua likazama. Aliiweka chupa kitini, akarudi nyuma hadi ukutani. Nikakigeuzageuza kifuniko, nikamwuliza kama amekifungua. Akasema, "Mama, ningetaka kukudhuru ningekushonea gauni bila kukupima." Nikacheka, nikajidunga.

Sasa cherehani imenyamaza. Anakohoa, na safari hii si vumbi. Kliniki wamempima, anacho kile kirusi. Sidhani kakipata kwingine zaidi ya ile foleni yangu. Aligonga ukuta akaniambia nisifungue hata dirisha la upande wake. Alisema, "Mama, sasa ndiyo unishuku vizuri."

Hana ndugu karibu. Kabati bado liko mlangoni, na nimekaa nimeliegemea. Ulinifundisha kumkwepa mtu. Nifundishe kumuuguza mtu bila kuingia chumbani kwake. Jibu upesi na, tafadhali, uwe mfupi.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Dirisha lake liwe wazi mchana kutwa. Supu na maji viweke nje ya mlango wake wa uani, gonga, ondoka, kisha sikiliza mpaka usikie kijiko. Vyombo vyake vioshe kwa maji moto na sabuni, ukiwa na barakoa. Zungumza naye kupitia ukuta hata asipojibu. Akishindwa kumaliza sentensi bila kutweta, au midomo ikibadilika rangi, usiniandikie mimi; ita gari la wagonjwa. Sindano usiruke.

Mwulize hali yake kwa niaba yangu. Sikuwahi kumwuliza. Niandikie alichojibu, hata kikiwa kikohozi tu.

Kaka yako